Silver Spring Haina Meya

Ndugu zangu wa Tanga nikiwaambia naishi Silver Spring, Maryland, swali la pili huwa ni lile lile: meya wenu nani? Silver Spring haina meya. Haina baraza la mji wala polisi wake. Ni jina la mahali lenye posta, stesheni ya treni iendayo Washington na maghorofa mengi ya kupanga. Shule, polisi, maktaba, barabara za mitaani, zimamoto na magari ya taka vyote viko chini ya Kaunti ya Montgomery, ambayo ofisi zake kuu ziko Rockville. Germantown ni vivyo hivyo, Bethesda vivyo hivyo. Miji yenye serikali yake ndani ya kaunti ni michache: Rockville penyewe, Gaithersburg, Takoma Park na mingine midogo.

Naanza na jambo hili kwa sababu wenzetu wengi wanaohamia hapa hukaa miaka bila kulijua, na malalamiko yao huishia kusikohusika. Kwetu mambo huanzia mtaani. Ukitaka kufungua akaunti benki au kumwekea ndugu yako dhamana, unakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, anakuuliza unakaa nyumba ya nani, anakuandikia barua na kuigonga muhuri. Mjumbe anajua nani amehamia na nani ana mgonjwa ndani. Montgomery hakuna anayekuja kukuuliza umetoka wapi. Unaweza kulipa kodi zote zinazodaiwa, ukasomesha watoto hadi wakamaliza, na jina lako lisitamkwe hata mara moja kwenye chumba kinachoamua mambo yako. Hili lilinichukua muda kulielewa, na ndilo ninalotaka kulieleza: kwenye kaunti iliyochanganyika kama hii, ambako hakuna kabila wala rangi iliyo wengi, wingi wenu peke yake hausemi kitu. Anayesikika ni aliyeandikwa na aliyefika.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,062,061 Montgomery. Kwa msomaji wa nyumbani, hao ni zaidi ya nusu ya watu wa Zanzibar kwa sensa ya 2022, wakiishi kwenye eneo dogo kidogo kuliko kisiwa cha Unguja. Wazungu wasio wa asili ya Kilatino walikuwa karibu asilimia 41, Walatino kiasi cha 20, Weusi 18, wenye asili ya Asia 15. Karibu mmoja kati ya kila watatu amezaliwa nje ya Marekani. Mwaka 1960 kaunti hii hii ilikuwa na watu kama 341,000, na zaidi ya asilimia 90 walikuwa Wazungu. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ilifungua mlango. Vita vya Vietnam na El Salvador na utawala wa kijeshi wa Derg kule Ethiopia vikasukuma watu. Taasisi kubwa za serikali kuu, kama ile ya utafiti wa afya pale Bethesda, zikavuta wasomi kutoka India, China na Korea. Sisi wa Afrika Mashariki wengi tuliletwa na bahati nasibu ya viza, vyuo, au ndugu aliyetangulia na kukubali ulale sebuleni kwake hadi upate kazi.

Hiyo asilimia 18 ya Weusi ukiifungua ndani utakuta watu wasiofanana kabisa. Wamo wajukuu wa watumwa ambao jamii zao, kama za Sandy Spring na za mtaa wa hapahapa kauntini uitwao Scotland, ziko hapa tangu kabla ya wengi wa majirani zao. Wamo Waethiopia walioijaza Silver Spring migahawa na maduka, Wakameruni, Wahaiti, Wajamaika, Wanigeria. Na tumo sisi tunaozungumza Kiswahili, cha Tanga, cha Nairobi, cha Bujumbura na cha Bukavu, tukikutana misibani na kwenye harusi. Takwimu inapotaja "Weusi" haikuambii nani kati ya hao ana nyumba yake na nani analala watu sita chumba kimoja.

Kabla ya kuwa na watoto sikujua habari za Glen Echo. Ni bustani iliyoko ukingoni mwa kaunti karibu na mto Potomac, na ndani yake kuna bembea kubwa la farasi wa mbao wanaozunguka, la mwaka 1921. Wanangu walilipenda sana. Siku moja, nikiwa nimesimama kwenye foleni, nikasoma maelezo yaliyobandikwa pale. Tarehe 30 Juni 1960 wanafunzi Weusi wa Chuo Kikuu cha Howard walikwenda pale na wenzao Wazungu wakapanda farasi hao kwa tiketi walizokuwa nazo mkononi, kwa sababu bustani ilikuwa ya Wazungu peke yao. Watano wakakamatwa, na kesi yao ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Majira yote yale ya joto watu waliandamana nje ya lango, na waliojiunga na wanafunzi walikuwa majirani wa mtaa wa Bannockburn, wengi wao Wayahudi, waliobeba mabango pamoja na watoto wao. Msimu wa 1961 bustani ikafunguliwa kwa wote. Mwaka 1962 kaunti ikapitisha sheria dhidi ya ubaguzi kwenye sehemu za huduma kwa umma.

Niliguswa kwa namna nisiyoitegemea. Watu hukuambia Montgomery ni kaunti ya kisasa yenye roho nzuri, kana kwamba imezaliwa hivyo. Pale ninaponunulia wanangu tiketi, mtu mwenye rangi yangu alitiwa pingu, na waliolibadilisha hilo wengi walikuwa vijana wasio na cheo chochote. Wenyeji hao Weusi ndio waliotulipia gharama ya nafasi tuliyo nayo leo. Baadhi yetu wahamiaji tunawasema vibaya tukiwa peke yetu, kwamba ni wavivu, kwamba hawapendi shule. Inaniuma kila ninapoyasikia, na siku hizi sinyamazi.

Mara yangu ya kwanza kupiga kura nchi hii sikuwa raia. Nilikuwa naishi Takoma Park, mji mdogo unaopakana na Washington, nikiwa na grin kadi tu. Mji ule, tangu 1992, unawaruhusu wakazi wasio raia kupiga kura kumchagua meya na madiwani wake. Profesa wa sheria aliyelipigania jambo hilo wakati huo, Jamie Raskin, sasa ni mbunge wetu huko Congress. Uchaguzi wa Novemba 2013 ulikuwa na jambo jingine jipya: vijana wa miaka 16 na 17 walipiga kura, mji wa kwanza Marekani kuwaruhusu. Nyuma yangu kwenye mstari kulikuwa na binti aliyebeba mkoba wa shule. Mbele yangu mzee wa Kisalvador. Nilikuwa nimepiga kura nyumbani kabla ya hapo, lakini hii ilikuwa tofauti, kwa sababu niliyekuwa namchagua angeamua mambo ninayoyaona kwa macho: taa ya barabarani kwenye kona ya kwetu, na kodi ya pango la nyumba, maana Takoma Park ina sheria yake ya kudhibiti kodi za wapangaji kwa zaidi ya miaka 40.

Hapa niseme jambo la tahadhari kwa wenzangu wenye makaratasi ya ukaazi. Ruhusa hiyo ni ya mji wa Takoma Park na miji mingine midogo ya Maryland iliyoamua hivyo, na unajiandikisha kwenye orodha ya mji. Usijiandikishe kwenye daftari la jimbo kama si raia, hata karani akikusukumia fomu wakati unashughulikia leseni ya udereva. Nimeona ombi la uraia la mtu likikwama kwa sababu ya alama ya vema aliyoweka bila kusoma.

Kilichonifundisha zaidi kuliko vyote ni sensa ya 2020. Sisi Watanzania wa Washington, Maryland na Virginia tuna kundi letu la WhatsApp la misiba. Aliye ughaibuni anajua uzito wa kundi la namna hiyo. Mtu akifariki, kusafirisha mwili hadi nyumbani hugharimu maelfu ya dola, na ndani ya siku chache fedha inapatikana. Mweka hazina anabandika orodha: fulani ametoa, fulani ameahidi, fulani bado. Kila asubuhi orodha inarudi ikiwa ndefu zaidi. Hakuna serikali inayotusimamia, hakuna anayelipwa, na sijawahi kuona mwili wa mwenzetu ukikaa hospitali kwa kukosa nauli. Nilipoanza kujitolea kwenye kamati ya kuhamasisha sensa mtaani kwetu, nikajiuliza kwa nini watu wenye uwezo huo wa kujipanga tuwe hatuonekani popote kwenye hesabu za kaunti.

Fomu ya mwaka ule, kwenye kisanduku cha Weusi, iliweka kwa mara ya kwanza nafasi ya kuandika asili yako, na mifano iliyotajwa ilikuwa kama Mwamerika Mweusi, Mjamaika, Mhaiti, Mnigeria, Mwethiopia, Msomali. Ungeweza kuandika Mtanzania, Mkenya au Mkongomani na ukahesabiwa hivyo. Kiswahili kilikuwa kati ya lugha 59 zilizotengenezewa mwongozo wa kujaza fomu. Niliuchapisha ule mwongozo nikauweka kwenye mkoba. Halafu korona ikaingia, na kazi yote ikahamia kwenye simu.

Watu walikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu. Serikali ya wakati ule ilikuwa imetaka kuweka swali la uraia kwenye fomu. Mahakama ya Juu ililizuia Juni 2019, lakini habari ya kuzuiwa haikusambaa kama ilivyosambaa habari ya kutakiwa. Niliwaeleza kuwa sheria inafunga majibu ya mtu kwa miaka 72, hayapelekwi uhamiaji wala polisi. Wengine waliniamini. Nilichogundua baadaye ni kwamba kwa wengi hofu kubwa ilikuwa ya mwenye nyumba. Mkataba una majina mawili na ndani wanaishi saba: binamu, shemeji, kijana aliyefika juzi. Ukiandika saba, je, ofisi ya jengo itajua? Dada mmoja wa Kigoma aliniambia, "Dada, mimi siogopi Trump. Naogopa yule meneja wa pale chini." Basi tukabadilisha maelezo. Jambo la kwanza tulilosema kwenye kila ujumbe wa sauti likawa hilo: mwenye nyumba haoni fomu yako, hesabu kila mtu anayelala hapo, hata mtoto mchanga, hata anayelala kwenye kochi.

Tukachukua na ile orodha ya misiba. Asubuhi mtu anabandika: fulani amejaza, fulani amejaza, fulani bado. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Mweka hazina wetu alianza siku moja kwa mazoea yake, na watu wakaitikia kama wanavyoitikia msiba, kwa aibu ya kubaki kwenye "bado" na kwa raha ya kuvuka. Mzee mmoja wetu, mtu wa Pangani aliyefanya kazi hotelini hadi akastaafu, alinipigia usiku. Nikamwamkia, akaitika, akasema, "Mwanangu, nimeandika Mtanzania kwa herufi kubwa. Miaka yote nimekuwa Mweusi tu." Sikujua nimjibu nini. Nilimshukuru.

Hesabu hizo ndizo zinazogawa majimbo ya uchaguzi na fedha nyingi za serikali kuu. Novemba 2020 wapiga kura waliamua baraza la kaunti liongezwe kutoka wajumbe 9 hadi 11, saba wa majimbo na wanne wa kaunti nzima, na mipaka mipya ikachorwa kwa takwimu za sensa ile. Upande wetu wa mashariki, kuanzia White Oak kwenda Briggs Chaney, ulikuwa umelalamika miaka mingi kwamba umesahauliwa. Utajiri wa kaunti hii umelala magharibi: Bethesda, Chevy Chase, Potomac. Mashariki ndiko waliko wapangaji, wahudumu wa wazee, madereva. Mwaka wa sensa, Oktoba 2020, ndipo barabara ya 29 ilipopata mabasi ya mwendokasi, ya kwanza Maryland. Kwa mtu anayetoka zamu saa nne usiku hilo si jambo dogo.

Nyumba ndizo zilizonifikisha Rockville. Montgomery ina sheria ya mwaka 1974 inayosifiwa dunia nzima: anayejenga mtaa mpya au ghorofa kubwa lazima sehemu ya nyumba zake, kwa kawaida kuanzia asilimia 12.5, auze au apangishe kwa bei nafuu kwa watu wa kipato cha wastani, palepale katikati ya nyumba za bei ya soko. Baadhi ya nyumba hizo kaunti inazinunua na kuwapangisha maskini kabisa. Mtafiti Heather Schwartz alifuatilia watoto wa familia hizo, na mwaka 2010 akaonyesha kwamba waliosoma shule zenye watoto wachache maskini walifanya vizuri zaidi kwenye hesabu, baada ya miaka kadhaa, kuliko wenzao wa shule zenye maskini wengi zaidi, wote wakiwa wapangaji wa kaunti ileile. Naipenda sheria ile. Lakini nyumba hizo hazitoshi, na asiyezipata yuko mikononi mwa soko.

Baada ya korona soko likaja juu yetu. Kodi ya pango kwenye jengo tulilokuwa tumehamia ilipandishwa kwa kiasi kilichofanya majirani wawili waondoke kabla ya mwezi kuisha, mmoja akiwa na watoto katikati ya muhula. Mwaka 2023 baraza la kaunti likawa na miswada miwili iliyoshindana, mmoja ukitaka ongezeko la mwaka lisizidi asilimia 3, mwingine ukiruhusu kubwa zaidi ya hapo. Mmoja wa waliouleta ule wa kwanza alikuwa Will Jawando, ambaye baba yake alitoka Nigeria. Kundi la misiba likawaka moto. Kila mtu alikuwa na lake la kusimulia. Nikawaambia: haya mnayonisimulia mimi, waambieni wao.

Utaratibu ni mwepesi ukishaujua. Unajiandikisha mapema kwenye tovuti ya baraza, unapewa dakika mbili au tatu, unasimama mbele ya kipaza sauti au unazungumza kwa video. Ukiomba mkalimani mapema unapewa. Usipoweza kufika, unatuma maandishi, nayo huingia kwenye kumbukumbu. Shida ni saa. Vikao vingi vya kuwasikiliza wananchi huwekwa saa saba na nusu mchana, siku ya kazi. Mhudumu wa wazee aliye zamu hawezi kumwacha mgonjwa kitandani akatoe maoni. Anayeweza ni mstaafu mwenye nyumba yake na wakili wa wenye majengo. Hakuna aliyekusudia kutufungia nje, lakini ukikaa kwenye viti vile ukatazama nani amekuja, utaona kaunti nyingine kabisa, si ile inayopanda basi pamoja nawe.

Waliolijua hilo mapema ni Walatino. CASA, jumuiya iliyoanza 1985 kwenye chumba cha chini cha kanisa pale Takoma Park, inaleta watu kwa mabasi, wamevaa fulana nyekundu, akina mama na watoto, na waliokosa nafasi ndani wanasimama nje. Niliwatazama kwa heshima, na kwa wivu kidogo. Walianza kwa kusaidia wakimbizi wa vita vya Amerika ya Kati kupata chakula na mwanasheria. Leo hakuna mjumbe wa baraza anayeweza kujifanya hawaoni.

Sisi hatukuwa na mabasi. Tulichokuwa nacho ni simu. Niliomba kila mwenye habari ya kodi ya nyumba atume ujumbe wa sauti, kwa Kiswahili chake, dakika mbili tu: unalipa ngapi, ilikuwa ngapi, umeacha nini ili uilipe. Vijana wetu waliozaliwa hapa wakaketi na zile sauti wakaziandika kwa Kiingereza. Hiyo ilikuwa baraka nisiyoitarajia, maana kijana anayesikiliza mama wa rafiki yake akieleza jinsi alivyoacha kununua dawa ya presha hubadilika. Tukamsomea kila mwenye sauti barua yake, akakubali au akasahihisha, ikatumwa kwa jina lake. Na orodha ikarudi asubuhi: fulani ametuma, fulani bado.

Tarehe 18 Julai 2023 baraza lilipiga kura, 7 kwa 4. Kodi isipande kwa mwaka zaidi ya mfumuko wa bei ukiongeza asilimia 3, na kwa vyovyote isizidi asilimia 6. Majengo ambayo hayajatimiza miaka 23 yamesamehewa, na sheria ikaanza kufanya kazi Julai 2024. Sitasema barua zetu ndizo zilizoamua. Walioshinda ni wengi, na waliojipanga kwa miaka. Lakini mmoja wa wajumbe, akieleza kura yake, aligusia wahudumu wa afya wanaolea wazazi wa watu wengine huku wakihamahama wao wenyewe, na kwenye kundi letu zilifuata sauti za vigelegele hadi saa sita usiku.

Kuna wanaosema sheria ile itawafukuza wajenzi na nyumba zitazidi kuwa adimu. Nawasikiliza, na si watu wabaya. Ila hoja yao huanza siku ambayo nyumba mpya zitakuwa zimejengwa, na mtoto yule alihamishwa katikati ya muhula.

Binti yangu alinitangulia kwenye mambo haya bila mimi kujua. Shule za Montgomery zinamtaka kila mwanafunzi wa sekondari atimize saa 75 za kujitolea kabla hajahitimu, na bodi ya uchaguzi ina mpango wa kuwachukua watoto kuanzia darasa la sita wasaidie vituoni siku ya kura. Alikuwa akisimama mlangoni kuwapa watu stika, akiwaonyesha wazee wa Kilatino meza yenye karatasi za Kihispania, maana kura hapa huchapwa kwa Kiingereza na Kihispania. Kisha kila mwaka wanafunzi wenyewe wanamchagua mwenzao mmoja anayeingia bodi ya elimu na kupiga kura karibu kwenye kila jambo kama watu wazima. Anajua majina ya wajumbe wa bodi kuliko mimi ninavyojua ya mawaziri wetu.

La Idi nitalisema kwa ufupi. Waislamu wa kaunti waliomba kwa miaka shule zifungwe siku ya Idi kama zinavyofungwa siku kuu za Kiyahudi na Kikristo. Novemba 2014 bodi iliamua kuondoa majina ya siku kuu zote za dini kwenye kalenda, uamuzi ambao haukumfurahisha yeyote. Kisheria shule ya umma haifungwi kwa ajili ya dini. Lazima kuwe na sababu ya uendeshaji, kama wanafunzi na walimu wengi kutokuwepo. Kwa hiyo swali likawa lile lile: mko wangapi, na mnaonekana wapi? Mwaka uliofuata bodi ilikubali kuweka siku ya walimu isiyo na masomo tarehe 12 Septemba 2016, iliyokuwa Idi ya kuchinja. Asubuhi ile barabara ya New Hampshire ilijaa. Ile ni barabara ambayo kwa kilomita chache utapita msikiti, kanisa kuu la Kiorthodoksi la Waukraine, hekalu la Wabudha wa Kambodia, mandir la Wahindu, na makumi ya nyumba nyingine za ibada. Msikiti pale una kliniki inayotibu wasio na bima wa dini yoyote. Nimekaa kwenye benchi lake kati ya mama wa Honduras na mzee wa Kikorea, sote tukisubiri kuitwa.

Sasa tuna shughuli nyingine. Waethiopia wamefika mbali: Kiamhari ni kati ya lugha ambazo kaunti na shule hutafsiria nyaraka zao za kawaida, pamoja na Kihispania, Kifaransa, Kichina, Kikorea na Kivietnamu, na tangu 2012 Gondar ya Ethiopia ni mji dada wa kaunti yetu. Kiswahili hakimo. Mzazi aliyetoka Kigoma au Uvira akiitwa shuleni kwa ajili ya mtoto mwenye mahitaji maalumu, mkalimani hupatikana akiombwa, mara nyingi kwa simu. Lakini barua iliyomwita ilikuja kwa Kiingereza, na wengine huiweka juu ya friji hadi tarehe ipite. Tumeanza kukusanya majina ya wazazi wanaotaja Kiswahili kwenye fomu ya lugha ya nyumbani wanapoandikisha watoto, maana wengi huandika Kiingereza wakidhani ndivyo mtoto atakavyopewa darasa zuri. Wakenya wameingia na Wakongomani wameingia. Msomaji uliye Montgomery na una mtoto anayeanza shule mwaka huu, kwenye fomu ile andika Kiswahili. Ukishaandika, tuma neno kwenye kundi tukuweke kwenye orodha.